Mapengo kwenye daftari la nyimbo

Darasa la sita nilikuwa na daftari la nyimbo. Kaunta buku jeusi la mgongo mwekundu, nimelivalisha gazeti ili mama adhani ni la Jiografia. Ndani mlikuwa na nyimbo za redioni, ubeti kwa ubeti, kwa mwandiko wa mtu anayekimbizwa, na kila baada ya mistari mitatu minne palikuwa na vidoti. Vidoti vile vilikuwa ni neno lililonipita: mtangazaji kaongea juu yake, betri zimelegea, au mwimbaji mwenyewe kalimeza.

Asubuhi shuleni, kabla kengele ya mstarini haijagongwa, tulikuwa tunakutanisha madaftari. Wewe hapa umesikiaje? Mimi nimesikia hivi. Acha uongo wewe, hebu rudia kuimba. Unaimba, mwenzako anafunga macho, anatikisa kichwa: hapana, hiyo haiendi na biti. Kuna wimbo mmoja, siutaji kwa kuwa mwenyewe yu hai na sitaki kumtia maneno mdomoni, uligawa darasa zima. Nusu tulisikia "mtego", nusu walisikia "mchezo". Siku mbili watu hawaazimani hata rula. Ya tatu, binti wa dawati la mbele, ambaye kaka yake alikuwa na kanda yenyewe, akatuletea neno sahihi kwenye kipande cha karatasi. Halikuwa mtego wala mchezo. Lilikuwa neno la kawaida kabisa, la kujazia vina tu. Sikufuta. "Mtego" wangu nikauacha palepale, maana niliona umekaa vizuri kuliko lile la mwenye wimbo.

Pembeni mwa kila wimbo nilikuwa naweka alama kwa peni nyekundu, kama mwalimu. 7/10. 4/10. Mmoja niliuandikia "Aongeze bidii."

Mwaka wenyewe ni 2001, na kwa mtoto wa Dar mwenye redio ndani ulikuwa mwaka wa neema. Professor Jay, mwanarap tuliyekuwa tumemzoea na wenzake wa kundi la Hard Blasters, alikuja peke yake na Machozi, Jasho na Damu, albamu iliyopikwa na prodyuza P-Funk Majani pale studio ya Bongo Records. Miaka hiyohiyo Lady Jaydee naye akaja na albamu ya Machozi. Ukiwaza vizuri taifa zima lilikuwa linalia, tena kwa kulipia.

Kaka yangu mkubwa aliitoa kanda ya Jay Kariakoo na kuileta nyumbani ndani ya shati, kama mtu aliyeiba kuku. Nyumbani kulikuwa na redio kaseti moja ya betri nne kubwa, na kaka alikuwa na sheria moja: hakuna kupeleka mbele. Kupeleka mbele kunakula betri. Kurudisha nyuma ni kwa kalamu ya Bic, unaichomeka kwenye tundu la kanda, unazungusha kanda hewani mpaka mkono ufe ganzi. Kwa hiyo tulikuwa tunasikiliza upande A mzima, tunageuza, tunasikiliza upande B mzima, wimbo tuupende tusiupende.

Sikujua wakati ule kwamba betri zilikuwa zinanifundisha kitu. Kila kanda ilikuwa na wimbo wake wa upande B, wa tatu au wa nne hivi, ambao wiki ya kwanza wote tulikubaliana ni wa kujazia. Tungekuwa na uwezo wa kuuruka tungeuruka na ungekufa hapo. Hatukuwa nao. Wiki ya tatu dada anaumumunya akiosha vyombo. Mwezi wa pili, umeme ukikatika na nyumba ikiwa kimya, huo ndio unaoanzishwa, na mtu anaupokea kutoka chumba cha pili. Nilirudi kwenye daftari nikasahihisha alama mara nyingi sana. Kuna wimbo ulianza na 3, ukawa 5, ukawa 8, karatasi ikatoboka kwa kufutwa.

Halafu kanda ikaliwa. Anayejua anajua: ule mlio wa mtu anayezama, kisha kimya, unafungua mfuniko unakuta utepe umetapakaa kama tambi. Kaka alikaa chini na wembe na selotepu, akakata kipande kilichosagika, akaunga. Kanda ikapona, ila pale katikati ya ubeti wa pili mwimbaji alikuwa anaruka ghafla kutoka neno moja hadi jingine lisilohusiana nalo. Sisi tuliuimba hivyo hivyo, na kuruka kwake. Mpaka leo nikiusikia ule wimbo mzima, kwenye harusi au kwenye bajaji, nikifika pale nashtuka. Najisikia kama mtu kaongeza maneno.

Lakini sehemu ya kuujua wimbo mpya kama umefika ilikuwa ni daladala. Naikumbuka siku moja ya Ndio Mzee. Wanaoufahamu wanajua ulivyojengwa: mgombea kasimama jukwaani anamwaga ahadi, moja kubwa kuliko nyingine, na kila akimaliza umati unamwitikia, "Ndio mzee!" Yaani Jay alishaacha nafasi ya msikilizaji ndani ya wimbo wenyewe. Tulikuwa tumesimama mpaka mlangoni, joto la saa nane mchana, konda kaongeza sauti. Ahadi ya kwanza, wanafunzi wa nyuma wakaitikia. Ya pili, konda na mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa. Kwenye kiti cha dirishani alikaa baba wa makamo kavaa kaunda suti, mkoba mapajani, kageuzia uso nje kama hayupo. Ahadi ya tatu au ya nne nikamwona midomo inacheza. Hakutoa sauti, lakini alisema. Nikajua wimbo huu umeshafika.

(Mwaka 2015 Professor Jay mwenyewe aligombea ubunge Mikumi, akashinda. Usiku wa matokeo kaka alinitumia ujumbe wa maneno mawili. Huhitaji kuambiwa ni yapi.)

Naomba nikiri na upumbavu wangu, usije ukadhani nilikuwa na sikio. Sisi watu wa mistari, yaani wa rap, tulikuwa na dharau kubwa kwa waimbaji. Tuliwaita wabana pua. Mtu akiimba mapenzi kwa sauti laini tunajibana pua tunamwigiza kwa kejeli. Mwaka 2007 Ali Kiba alipoachia Cinderella nilikuwa kidato cha tano, nina daftari la pili, na nakumbuka kabisa nilichoandika pembeni: "3/10. Desemba haufiki." Desemba ulifika. Ukafika na Desemba iliyofuata. Leo naujua wote, na mistari iliyokuwa na vidoti nimeshaijaza bila mtu kunisaidia, na siku mke wangu anaponikuta nauimba jikoni hana habari kwamba anasikiliza mtu aliyewahi kuuhukumu kifo.

Ushahidi, bahati nzuri, haupo. Nilipokwenda bweni mama alikuwa anauza maandazi asubuhi, na karatasi za kufungia zilipokwisha akayakuta madaftari yangu chini ya kitanda. Hukumu zangu zote za muziki wa Tanzania zikasambazwa mtaani zikiwa na mafuta. Mahali fulani Temeke kuna mtu alikula andazi huku akisoma "Aongeze bidii."

Siku hizi albamu inatoka saa sita kamili usiku. Tuna kundi letu la WhatsApp, watu kumi na mmoja, wengi ni walewale wa madaftari, na huwa tunakesha kama tunasubiri mwezi wa Idi. Saa sita na dakika ishirini mtu wa kwanza ameshatoa hukumu. Sasa piga hesabu. Afro East ya Harmonize, ya Machi 2020, ina nyimbo 18. Sound From Africa ya Rayvanny, ya mwaka uliofuata, ina 23. Hata ukiweka dakika tatu tatu, ile ya Rayvanny inakupitisha saa nzima na ushee kabla hujafika mwisho. Lakini dakika ya ishirini mwenzetu ameshaandika "albamu ya mwaka", tena Februari, na wa pili kajibu "hamna kitu humu", na wa tatu anauliza kama kuna mwenye bando amrushie.

Mimi si mmoja wa wale wanaosema zamani watu walisikiliza kwa utulivu. Uongo. Daladala lilikuwa linapiga kelele "toa hiyo!" kabla kiitikio hakijafika. Haraka tulikuwa nayo sikuzote. Wala ushabiki wa timu haukuanza na Team Kiba na Team Diamond. Mzee wangu ni Msondo damu, ile bendi ya dansi ambayo enzi hizo iliitwa Juwata. Mwimbaji Muhidin Gurumo alipoondoka Juwata mwaka 1978 kwenda kuanzisha Mlimani Park, ndio hao Sikinde, na wenzake, mzee alilichukulia kama jambo la kifamilia, na kwa miaka akawa anatuambia kwamba Sikinde hawana wimbo hata mmoja. Hata mmoja! Sikinde wale wale ambao nusu ya Dar es Salaam ilikuwa inawafuata ukumbi wa DDC Kariakoo. Gurumo aliporudi Msondo, mzee akaanza taratibu kukiri kwamba zile nyimbo alizoimba kule ugenini, mbili tatu hivi, zilikuwa na ujumbe.

Ila mzee alikuwa na kitu ambacho kwenye kundi letu nakikosa. Enzi zao bendi ilikuwa inaupiga wimbo mpya ukumbini kwanza, wiki hata wiki, ndipo inaupeleka kurekodiwa Radio Tanzania. Kwa hiyo shabiki aliusikia wimbo ukiwa bado mbichi. Mzee husema kulikuwa na nyimbo zilizobadilika mbele ya macho yao: kiitikio kinaongezwa wiki hii, gitaa linanyamaza pale ambapo wiki iliyopita lilikuwa linaongea sana. Mtu akikaa kitini wakati wa wimbo mpya, anakuwa ameshasema. Wote wakikaa, wimbo haurudi. Ukimuuliza mzee kama wimbo fulani ulikuwa mzuri, hajibu kwa ndiyo au hapana, anakuambia nani aliinuka kucheza.

Sisi hoja zetu zimegeuka namba. Nikisema wimbo huu mashairi yake mepesi, najibiwa: una milioni mbili kwa siku tatu. Nikisema yule kaimba vizuri zaidi, naulizwa: mbona yuko namba saba? Namba haibishiwi, na kitu kisichobishiwa hakina mazungumzo. Na mashairi nayo yanakuja yameshaandikwa chini ya video, yote, bila kidoti hata kimoja. Hakuna anayemhitaji mwenzake kusikia. Juzi niliona mtu kaandika neno vibaya kwenye mashairi ya wimbo mpya, neno dogo, na nilifurahi kupita kiasi. Nikapeleka kundini: nyie hapa mnasikiaje? Saa mbili nzima tulibishana, watu wazima, mmoja yupo Muscat kazini anajibu kwa sauti ya kunong'ona akiwa stoo. Hakuna aliyeuliza wimbo una watazamaji wangapi.

Lakini aliyenionyesha vizuri zaidi ni shangazi.

Aprili 2020 shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya korona, na shangazi, aliyekuja kutoka Tanga kwa wiki moja, alikuwa amekwama kwetu kwa mwezi wa pili sasa. Shangazi ni mtu wa taarabu. Kakulia Tanga ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, Shakila anaimba, na baadaye Dar akahamia kwenye rusha roho, taarabu ya mipasho, kama wenzake wote. Miaka ya tisini, Khadija Kopa yuko kundi la TOT na Nasma Khamis yuko la Muungano, wanapashana kwa nyimbo, huyu akitoa leo yule anajibu kesho, shangazi hakukosa onyesho. Yeye na rafiki zake walikuwa wanasikiliza wimbo mpya kwa swali moja tu: kaimbiwa nani? Si anaimba nini. Nani. Na hata wakishajua Khadija kamlenga Nasma, kazi ndiyo kwanza inaanza, maana kila mmoja ana Nasma wake wa mtaani.

Aliwahi kunieleza kutunza kunavyokwenda, nami nilidhani ni kumpa mwimbaji pesa kwa kufurahi. Alinicheka. Unakaa, akasema, unausubiri mstari wako. Umeshausikia wimbo mara mbili tatu, unajua mstari upi unamfaa mwanamke aliyekaa meza ile. Noti unaikunja mapema. Mstari ukikaribia unainuka, huendi mbio, unapita pale pale anapokuona, unafika jukwaani mwimbaji anautamka, unaweka noti, unageuka, unamtazama. Ubeti unaofuata si wako, rudi kakae. Mwimbaji katunga, lakini wewe ndiye uliyesema. Ndiyo maana, akasema shangazi, ukumbini hakuna aliyekuwa anauliza wimbo huu mzuri au mbaya. Wimbo ambao hakuna aliyeuinukia, huo ndio mbaya.

Sasa Aprili ile Zuchu akatambulishwa WCB, lebo ya Diamond, na EP yake, yaani albamu fupi, I Am Zuchu, nyimbo saba. Wanangu na wa jirani walikuwa sebuleni na simu moja, wanatoa hukumu kama kawaida: huu mkali, huu wa kucheza, huu ruka. Shangazi yuko mkekani anachambua mchele, hata hasikilizi. Mpaka ukaingia Mauzauza. Mwanzo bado anachambua. Sauti ya pili ilipoingia mkono ukasimama juu ya ungo.

"Huyo ni Khadija."

Binti yangu akamwambia, shangazi, huyo ni Zuchu.

"Huyo mtoto sijamuuliza. Huyo mwingine. Huyo ni Khadija Kopa. Rudisha nyuma."

Wakarudisha. Nikawaeleza wale watoto kwamba yule mama ni mamake Zuchu, wakasema aah, wakatazama kioo kuona kama wanafanana. Shangazi hakutaka kuona. Alikuwa kainamisha sikio, anasikiliza mama alivyompokea binti, wapi kamwachia, wapi kambana. Akasema rudisha tena. Mara ya tatu akauliza, kwa ile sauti yake ya miaka ya tisini, "Kaimbiwa nani?"

"Hajaimbiwa mtu shangazi," akajibu binti yangu. "Ni wimbo tu."

"Wimbo tu," shangazi akarudia, kama mtu aliyeonjeshwa chai isiyo na sukari. Akanitazama mimi. Ikabidi nikubali kwamba sijui. Akasema tuuweke mwanzo, na safari hii watoto wanyamaze, wasiruke hata neno.

Tulikaa na wimbo ule mchana kutwa, mchele haujaisha kuchambuliwa. Watoto wakaanza mmoja mmoja kubashiri: labda kaimbiwa fulani, yule wa mtaa wa nyuma aliyemwacha dada yake fulani. Shangazi anakataa, anauliza umesikia nini kinachokuambia hivyo, hebu niimbie hapo. Mtoto anaimba. Wanabishana neno. Binti yangu akakimbia kuchukua peni na kuandika nyuma ya karatasi ya mazoezi waliyopewa na shule, na nilipochungulia juu ya bega lake nikaona kaandika mistari miwili, na wa tatu kauwekea vidoti.

Mara ya mwisho sauti ya Khadija ilipokaribia, shangazi alifungua upindo wa khanga. Akatoa noti ya elfu mbili, akaikunja kwa urefu, akainuka. Goti lake bovu, aliinuka kwa hatua tatu. Alizunguka meza, akapita mbele ya kiti cha mamkwe wangu, ambaye wiki nzima walikuwa hawaelewani juu ya chumvi, akafika kwenye simu, na mstari ulipotamkwa akaiweka noti juu ya kioo, akageuka, akatazama.

Mamkwe alikuwa anatazama dirishani.

Noti ilikaa juu ya simu mpaka wimbo ulipoisha. Mdogo wa jirani akauliza kama anaweza kuichukua akanunue soda. Shangazi akairudisha kwenye upindo wa khanga, akakaa, akauvuta ungo.